Mukecuru wa Maji na Salamu Isiyoisha

Siku ya tatu tangu Orlane aingie katika nyumba yao iliyomezwa na ziwa, watu wazima walianza kusema "marehemu". Houda, rafiki yake, alilisikia neno hilo saa nne asubuhi, mdomoni mwa mama mmoja aliyekuwa akipanga viti vya plastiki vya matanga, na hasira zikampanda hadi masikio yakawaka moto. Marehemu nani? Umemwona? Umemzika? Watu wengine bwana, kuzika wanaona rahisi kuliko kutafuta! Akaweka chini birika la chai, akavuta mtandio wake, akatoka bila kuaga.

Maana hali yenyewe ilikuwa hivi. Mwaka ule ziwa Tanganyika lilipanda, likavuka mchanga, likavuka majani, likaingia mitaa ya mwisho ya Kibenga na kukaa humo kama mgeni aliyekuja na mizigo yake yote. Waliokuwa na nyumba huko walihama. Mama Elvire, mamake Orlane, mtumishi wa serikali, mwanamke wa suti na faili, alipanga vyumba viwili Kanyosha akajibana humo na wanawe. Jumatatu Orlane alirudi peke yake kwenye nyumba ya zamani, maji yakimfika kiunoni, akaingia kwa mlango wa jikoni, na hakutoka. Wavuvi walipiga mbizi chumba kwa chumba siku mbili nzima. Walichopata ni kandambili zake, zimepangwa vizuri kwenye ngazi ya jikoni. Mwili, hakuna.

Alifuata nini humo? Kwa alivyodhani Houda, hakuna aliyejua ila yeye, kwa sababu yeye ndiye aliyemtuma.

Testeri. Kidude cha njano cha kupimia umeme, mali ya baba yake Houda, mzee Huseni, fundi magari wa Buyenzi. Mwezi mmoja nyuma Houda alikichukua kimya kimya kwenda kurekebisha taa za jikoni za kina Orlane, akakisahau juu ya kabati la jikoni. Baba akaanza kukitafuta gereji nzima huku akifoka. Basi Houda akaandika ujumbe: "Orly, we uko karibu, pitia unichukulie testeri ya baba. Usiogope maji, si unajua kuogelea." Orlane akajibu kwa kidole gumba. Ujumbe huo Houda aliufuta Jumatatu jioni, na tangu hapo alikuwa akimimina chai matangani na kuwaambia watu pole. Mficha maradhi, kilio humfichua. Lakini Houda alikuwa bado anaficha, na siri ilimkaa kooni kama mwiba wa samaki mukeke.

Sasa, Houda alikuwa na miaka kumi na saba na sikio ambalo mafundi wa Buyenzi walilionea wivu. Gari likija na ugonjwa usioonekana, mzee Huseni hakuita fundi mwenzake, alimwita binti. Houda alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini sikioni, akafumba macho. Kisha alisema, "Baba, ni beringi ya kushoto," na ilikuwa beringi ya kushoto. Wanaume wazima walikuwa wakilipa bila kubisha.

Kwa hiyo siku hiyo hakwenda kulia. Alipitia gereji, akabeba bisibisi ndefu na mpira wa ndani wa tairi la lori, akapanda pikipiki hadi Kibenga. Pale barabara inapoishia majini, ukuta wa kina Orlane ulikuwa umesimama nusu ndani nusu nje. Houda akaweka ncha ya bisibisi ukutani, mpini sikioni.

Alisikia ziwa likipumua. Akangoja. Halafu, chini kabisa, akasikia sauti ya mwanamke mzee ikiimba, na katikati ya ule wimbo, kidogo kidogo, sauti nyingine: hee... hee... Sauti hiyo alikuwa ameisikia miaka kumi, darasani, njiani, kwenye simu. Akaegemea ukuta, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Orlane iko muzima," alimwambia Chanelle kwenye simu.

"Houda, mi nakupenda, lakini usianze."

"Wallahi nimemusikia. Kuja. Na Loïc umuambie."

Walikuja, kwa sababu walikuwa marafiki wa kuja wakiitwa. Chanelle alitoka Kanyosha kwa miguu, bado na kitenge cha matanga. Huyu ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza ya kwaya ya parokia, msichana ambaye hata akikuomba chumvi utadhani yuko madhabahuni. Loïc alitoka Mutanga Sud, anakoishi na baba yake mhadhiri, akafika na taulo moja na nadharia tatu. Alianza kueleza habari za mwangwi na mabomba. Houda akamkabidhi bisibisi bila neno. Loïc akasikiliza, na zile nadharia zikamtoka moja baada ya nyingine usoni mwake.

"Yampayinka!" akasema. "Kuna watu humu ndani!"

Chanelle alisikiliza muda mrefu zaidi. Alipoondoa sikio alikuwa ameshika kifua.

"Hii ni akazehe," akasema. "Ile salamu ya wamama wa milimani. Bibi yangu na dada yake wakikutana wanashikana mikono, hivi, juu ya viwiko, moja anaanza, mwengine anapokea. Wanaulizana habari zote kwa kuimba. Chakula kinapoa, sisi watoto tunangoja tu."

"Na wanaachana saa ngapi?" Loïc aliuliza.

"Salamu ikiisha. Kabla ya hapo haiwezekani. Kumuachia mutu katikati ya akazehe ni kumutukana yeye na ukoo wake."

Wote watatu wakatazama ile nyumba. Ilikuwa saa tisa na nusu, jua bado liko juu upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Houda akafunga mtandio nyuma ya shingo, akasukuma mpira majini, akasema Bismillahi, akatangulia. Siyo kwamba hakuogopa. Aliogopa sana, ila aliona aibu zaidi.

Hawakufika hata kwenye geti. Kitu walichodhani ni jiwe kilifungua macho. Kiboko, mkubwa kama pikapu, alikuwa amelala kwenye nafasi ya kuegeshea gari ya Mama Elvire, anatafuna bustani ya jirani.

Wakaaji wa Kibenga wamezoea viboko. Jioni wanapanda kula majani, unawapisha, unakwenda zako. Lakini huyu alitema majani akasema, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini, "Mnamutafuta nani?"

Loïc alizama chini ya maji mara moja, kwa hiari yake mwenyewe. Chanelle alianza Salamu Maria. Houda, ambaye amekulia kati ya wateja wakali, alijibu kabla hajapata muda wa kufikiri.

"Na we ni nani wa kutuuliza?"

"Mi ni zamu," alisema kiboko. "Nalinda hapa. Kazi ya zamu ni kuuliza."

"Tumekuja kumuchukua mwenzetu. Orlane."

"Aaa, yule." Kiboko alipiga miayo, na meno yake yalikuwa marefu kama nondo. "Mwenyewe aliingia na adabu zake, akavua kandambili. Mukecuru wangu, bibi wa maji haya, akafurahi! Miaka mingi hakuna mutu anaingia kwetu na kuvua viatu. Akamushika mikono akamusalimia. Sasa mutoto hamalizi kujibu. Anafika pahali ananyamaza, Mukecuru anarudi mwanzo. Siku tatu! Hata mi nimechoka kusikia."

"Si amuachie tu?" alisema Loïc, ambaye kichwa chake kilikuwa kimerudi juu.

Kiboko alimtazama kama unavyomtazama mtu aliyetema mate sebuleni. "Amuachie katikati? Unamuona Mukecuru hana malezi?" Halafu akapunguza sauti. "Lakini sikieni. Mutu wa juu akikaa mikononi mwa maji, anakuwa maji. Siku ya kwanza miguu, siku ya pili tumbo. Leo yuko shingoni. Jua likigusa milima ya Kongo, kwisha. Na anayegusa ile salamu lazima aimalize bila uongo, kama apana, anabaki naye. Pita. Mi sikuwaona."

Wakapita. Chanelle alikuwa ameacha kuomba, midomo yake ilikuwa inarudia maneno ya bibi yake. Houda alitaka kuwaambia wenzake jambo lake pale pale, mbele ya mlango wa jikoni. Akafungua mdomo. Akasema, "Vueni viatu."

Mlango wa jikoni ulikuwa na pazia la maji, limesimama wima, linang'aa. Wakauacha mpira mlangoni, wakaingia kwa kushikana mikono, na upande wa pili wakajikuta wakavu.

Sebule ya Mama Elvire ilikuwa imekua. Ilikuwa bonde zima, na majani yake marefu yalikuwa ya kijani cha vilindi. Ng'ombe wa pembe ndefu walikuwa wakila humo, miili yao ya maji matupu, samaki wadogo wakionekana kupita mbavuni mwao. Kochi la Mama Elvire lilikuwa juu ya kichuguu. Televisheni ilikuwa imeegemea mti, na ndama mmoja anailamba.

Katikati ya bonde alisimama mwanamke mzee mrefu, amevaa vitambaa viwili vya rangi ya ziwa wakati wa mvua. Mikono yake ilikuwa imeshika mikono ya Orlane, juu ya viwiko. Alikuwa akiimba kwa Kirundi, lugha ambayo hata mtoto wa Buyenzi anaielewa, na uso wake ulikuwa uso wa bibi anayepokea mjukuu sikukuu. Hapakuwa na ubaya wowote usoni mwake, na hilo ndilo lililomtisha Houda kuliko meno ya kiboko.

Na Orlane? Kichwa kilikuwa chake, na nywele, na kidoti chake cheusi cha kidevuni. Kuanzia shingoni kushuka alikuwa maji yenye umbo la Orlane. Uliweza kuwaona ng'ombe kupitia tumbo lake. Macho yake yalipomwona Houda yalifunguka, yakaanza kulia, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ile ile: hee.

Loïc hakungoja. Alikimbia akamshika rafiki yake begani avute, na mkono ukapita, chubwi, ukatokea upande wa pili umelowa. Alirudi nyuma akiutazama mkono wake.

"Acha mi," alisema Chanelle. "Maneno ninayo."

Akasogea, akashika mikono ya Mukecuru pembeni ya ile ya Orlane, akavuta pumzi ya kwaya, akaimba. Sauti gani ile! Ng'ombe waliacha kula. Ilikuwa sauti ya Pasaka, imenyooka, nzuri hadi Houda akaona wamepona. Mukecuru alipoimba "umetoka wapi", Chanelle aliimba naye, juu kidogo, kwa upatanifu mtamu, kama anavyofanya kila Jumapili. Wanapoanza wenzake anaanza, wanapomaliza anamaliza.

Mukecuru alikunja uso. Akaanza tena. Chanelle akaingia tena pamoja naye, kwa nguvu zaidi. Maji yakampanda Orlane kutoka shingoni hadi kidevuni, na kile kidoti kikapotea.

"Mwanangu," Mukecuru alisema, akakatisha wimbo ila mikono hakuiachia, "mbona unanikanyaga?"

"Naimba na wewe, Bibi!"

"Ndiyo. Unaimba na mimi. Nani sasa ananipokea?"

Chanelle aliangalia chini. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimeanza kuwa vya maji. Akapiga yowe. "Houda! Sielewi! Maneno ni yale yale!"

Houda alikuwa amefumba macho. Tangu walipoingia alikuwa akisikiliza, siyo ule uzuri, bali nafasi. Mukecuru alipiga neno, akaacha upenyo. Akapiga mawili, akaacha upenyo mfupi. Neno, upenyo. Na Houda akakasirika kwa furaha, kama anavyokasirika akigundua ugonjwa wa gari ambao ulikuwa mbele ya pua yake muda wote.

"Chanelle, unafyatua pamoja naye!" akapaza sauti. "Corolla ina silinda nne, hazifyatui pamoja. Moja, tatu, nne, mbili. Kila moja inafyatua wakati ingine imenyamaza. Zikifyatua pamoja injini inavunjika! Mutu anaingia pale mwenzake ametoka."

"Mi siwezi! Miaka kumi na moja niko kwaya, naona nafasi naogopa!"

"Basi niambie maneno sikioni. Nafasi ni zangu."

"Houda, we unaimba kama mlango!"

"Mlango unafunguka," alisema Houda, akasogea, akashika mikono ya yule mzee. Ilikuwa baridi, na ilikuwa na nguvu kama jeki ya tani tatu.

Mukecuru alimtazama kwa hamu, akaanza.

"Umetoka nyumba gani—"

"—ya fundi—" alisema Houda, kwa sauti yake mbaya, ndani ya upenyo.

"—mlango upo—"

"—uko wazi—"

"—na moto jikoni?"

"—unawaka."

Uso wa mzee ulifunguka. Akaongeza mwendo, na Houda akaongeza. Chanelle alimnong'oneza maneno ya bibi yake, Houda akayatupa kila moja mahali pake, na wakati mwingine maneno ya bibi hayakutosha akatia yake.

"—na ng'ombe zenu—"

"—hatuna—"

"—hamna hata mmoja?—"

"—Toyota tatu, moja ni mgonjwa—"

Mukecuru alicheka bila kupoteza mdundo. Aliuliza shamba, Houda akajibu gereji. Aliuliza baba, akajibu mzima, anafoka. Aliuliza marafiki, Houda akajibu wapo hapa, mmoja amelowa. Loïc, nyuma, alikuwa anapiga makofi taratibu kwenye paja, na Houda alihisi ule wimbo umeshika kasi, laini kama injini iliyofungwa vizuri. Vidole vya Chanelle vilirudi kuwa nyama. Kidoti cha Orlane kikarudi. Tumeweza, Houda alijiambia. Alhamdulillahi, tumeweza!

Ndipo Mukecuru akauliza, kwa wimbo ule ule, kwa upole ule ule:

"—na mtoto huyu, nani alimtuma majini?"

Houda alingoja mnong'ono sikioni. Haukuja.

"Hiyo haimo," alisema Chanelle. "Bibi hajanifundisha hiyo. Orlane, si ujibu we mwenyewe? Nani alikutuma?"

Orlane akatikisa kichwa. Alitikisa kwa nguvu, akimtazama Houda, na machozi yake yalikuwa yakianguka ndani ya mwili wake mwenyewe.

Kumbe! Houda alielewa yote kwa mpigo mmoja. Orlane hakushindwa kujibu salamu. Orlane aliijua tangu siku ya kwanza. Ni nani asingeijua baada ya kuisikia mara arobaini? Alifika hapa kila mara, akaulizwa nani alimtuma, na hakutaka kumtaja rafiki yake. Uongo haukukubalika katika mikono ile, basi alichagua kunyamaza. Alinyamaza mpaka akawa maji, miguu, tumbo, shingo, huku yeye Houda akimimina chai juu na kufuta ujumbe.

Upenyo ulikuwa wazi na ulikuwa unajifunga. Mukecuru alikuwa anavuta pumzi ya kurudi mwanzo. Nje, mwanga kwenye pazia la jikoni ulikuwa umegeuka rangi ya chungwa. Houda alitaka kusema maneno mengine yoyote yale. Alifikiria macho ya Chanelle na Loïc. Alifikiria Mama Elvire.

"—mimi—" akaimba, na sauti ikapasuka katikati. "—ni mimi nilimtuma—"

"—kwa jambo gani—"

"—kitu cha baba—"

"—ukamwambia nani—"

"—sikumwambia mtu. Nilificha. Niliogopa. Nisamehe."

Mukecuru alimtazama kwa muda mrefu kuliko upenyo wowote. Halafu akaimba neno la mwisho peke yake, lile la kuagana. Na katika nafasi iliyofuata, kabla Houda hajafungua mdomo, sauti nyingine iliingia, ya Orlane, imekauka, ya mtu aliye hai, ikalifunga.

Mikono ya mzee ikaachia. Orlane alianguka juu ya majani akiwa na uzito wote wa binadamu, magoti, tumbo, kikohozi, kila kitu, na Chanelle na Loïc wakamrukia.

"Karibuni tena," alisema Mukecuru wa maji. Alikuwa anapanga vitambaa vyake, ameridhika kabisa. "Nyumba hii si yangu, nimepitia tu. Ila siku hizi watu wananiona napanda, wananikimbia. Hakuna anayesalimia."

Kisha bonde likaanza kuwa sebule, na maji yakaanza kukumbuka kwamba ni maji. Houda alimshika Orlane upande mmoja, Loïc upande wa pili, wakatoka kwa mlango wa jikoni wakiogelea, Chanelle akawasukumia mpira. Orlane akalala juu ya mpira, akakohoa ziwa.

"Ungenitaja tu, mujinga we," Houda alimwambia. "Siku ya kwanza ungenitaja."

"Kitu chako, ukiseme mwenyewe," alisema Orlane. Ilimchukua pumzi tatu.

Chanelle na Loïc waliwasikia. Loïc alimtwika Houda ile taulo yake kichwani, imelowa chapachapa, wakaendelea kusukuma.

Ukingoni mwa barabara watu walikuwa wamejaa. Mvuvi mmoja alikuwa amewaona vijana wakiingia, akapeleka habari Kanyosha, na matanga yote yalishuka na viti vyake. Jua lilikuwa limekaa juu ya milima ya Kongo. Mama Elvire alikuwa mbele ya wote, majini hadi magotini, na viatu vyake vya kazini miguuni.

Hakupiga kelele. Watu wengine ndio waliopiga, vigelegele, Yesu, Allahu Akbar, yote pamoja. Yeye alimtoa mwanawe juu ya mpira, akamgusa uso, shingo, mabega, tumbo, akamgeuza, akamgusa tena upande wa nyuma. Kisha akamkumbatia, na mabega yake yakatikisika muda mrefu bila sauti. Houda alisimama kando. Alijua kwamba akingoja kidogo tu, furaha itafunika kila kitu, na hakuna atakayeuliza tena.

Akasogea mbele.

"Mama Orlane," akasema. "Ni mi ndiye nilimutuma. Nilisahau testeri ya baba kwenu. Nilimuandikia aende kuichukua, halafu nikafuta ujumbe."

Vigelegele vilikatika upande wa mbele, vikaendelea kidogo upande wa nyuma, kisha navyo vikanyamaza. Mama Elvire aliinua uso kutoka nywele za binti yake.

"Najua," akasema.

Houda hakuelewa.

"Alinipigia simu mbele ya kuingia. Mama, napitia kitu cha Houda, nakuja. Ni maneno yake ya mwisho niliyosikia." Sauti yake ilikuwa tulivu, sauti ya ofisini, lakini midomo ilikuwa inacheza. "Siku tatu, Houda. Siku tatu unaniletea chai. Kila ukininyooshea kikombe najiambia, sasa atasema. Nakunywa. Unaenda kwa mwengine."

Houda aliomba ardhi ipasuke immeze, na ardhi, kama kawaida yake, haikupasuka. Alilia mbele ya watu wote, kwa sauti, bila kujifunika. Mama Elvire alimwacha Orlane mikononi mwa Chanelle, akaja, akamshika Houda mikono yote miwili, juu ya viwiko, kwa nguvu hadi ikauma.

"Sasa niambie," akasema. "Kuanzia mwanzo. Na sikuachii mpaka umalize."

Houda akapangusa pua kwa bega, maana mikono haikuwa yake, akaanza na zile taa za jikoni.